Sampuli na populesheni: dhana zinazowapoteza wanafunzi wetu

“Populesheni maana yake ni watu.”
Si lazima. Populesheni ni kundi zima unalotaka kulisemea. Magunia yote ya karafuu yatakayopokewa Wete, Pemba, msimu mmoja ni populesheni, na konzi inayotolewa guniani kupimwa ukavu ni sampuli. Konzi ya juu peke yake ni sampuli mbaya, kwa sababu karafuu za chini huenda hazikukauka sawa na zile zinazoonekana.

“Sampuli lazima iwe asilimia 10.”
Dhana hii imeota mizizi kuliko zote, na kila mwaka huwasumbua vijana wanaoandika mapendekezo ya utafiti. Tuifuate tuone inakotufikisha. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Asilimia 10 yao ni karibu watu 189,000, nani atawahoji? Na skuli yenye walimu 30 ingetoa walimu watatu tu, ambao hawatoshi kuwasemea wenzao.

Ukweli ni kwamba kundi likishakuwa kubwa, usahihi hutegemea idadi ya waliohojiwa, si asilimia yao. Ukichagua watu 400 kwa nasibu na kukadiria wangapi kwa mia wana jambo fulani, mara 95 katika 100 kadirio lako halitapishana na ukweli kwa zaidi ya pointi 5 hivi. Ni hivyo hivyo kwa Pemba yenye watu 543,441 na kwa Tanzania nzima yenye watu milioni 61.7. Ukitaka kupunguza pengo hilo kwa nusu, watu 800 hawatoshi. Utahitaji 1,600.

“Sampuli ikiwa kubwa, makosa yanakwisha.”
Ukubwa hupunguza makosa ya bahati tu. Upendeleo, yaani makosa yanayotokana na namna watu walivyochaguliwa au walivyojibu, hubaki pale pale. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10. Zilirudi kama milioni 2.4, likatangaza kwamba katika uchaguzi wa urais Landon atamshinda Roosevelt, aliyekuwa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki ya uchumi, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza.

Kwetu pia yapo. Simama katika soko la Darajani, mjini Unguja, asubuhi uwahoji watu 5,000 juu ya bei ya samaki: wanaonunua dikoni pwani, wavuvi wanaposhusha samaki, utakuwa umewaacha, na kuongeza 5,000 wengine pale pale hakutawaleta.

“Nasibu ni yeyote utakayekutana naye.”
Nasibu ina utaratibu mkali. Kila mmoja awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na kura ndiyo iamue, si wepesi wa njia. Tafiti kubwa za kaya huchagua kwanza maeneo yaliyotengwa wakati wa sensa, huorodhesha kaya zote za eneo, kisha huchagua ndani ya orodha hiyo. Mhoji akikuta mlango umefungwa, asibishe kwa jirani, arudi tena. Kwa jirani atapata jibu haraka, lakini waliokwenda kuchuma karafuu watatoweka katika takwimu, na hao ndio tunaohitaji kuwajua.

“Zanzibar huhojiwa watu wengi kupita haki yake.”
Malalamiko haya juu ya tafiti za taifa nayaelewa, lakini hayana msingi. Zanzibar ni kama asilimia 3 ya watu wote wa Tanzania. Sampuli ya watu 1,000 ikigawiwa kwa uwiano, Zanzibar itapata 31 na Pemba 9. Kwa watu 9 utasema nini juu ya Pemba? Kwa hiyo utafiti wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa 2022 ulichukua kaya nyingi zaidi visiwani kuliko uwiano, ili mikoa yetu mitano iweze kusemewa. Wakati wa kukokotoa wastani wa taifa, kila jibu hupewa uzito wake: la visiwani huwa jepesi, la bara huwa zito. Mwanafunzi akipakua data hizo na kuisahau safu ya uzito, wastani wake wa taifa utavutwa upande wa Zanzibar, hata kama kila kaya ilihojiwa ipasavyo.