Mkorofi, Mvivu, au Ana Sonona?

Mzazi wa mtoto mwenye sonona, yaani ugonjwa wa akili wa huzuni na kukata tamaa (depression), ni nadra kuingia kliniki akisema "mwanangu ana huzuni". Husema amekuwa mkorofi, anafoka akitumwa dukani, shuleni ameshuka. Au huja na rundo la majibu ya vipimo: malaria hakuna, taifodi hakuna, mkojo safi, dawa za minyoo kameza, na tumbo bado linamuuma kila Jumatatu asubuhi.

Kwa mtu mzima tunatafuta huzuni. Kwa mtoto na kijana, hata miongozo ya utambuzi inakubali kwamba hasira za mara kwa mara zinaweza kushika nafasi ya huzuni. Ndiyo maana wengi huchapwa kabla ya kutibiwa, na kiboko humfundisha mtoto kuficha tu.

Swali langu kwa mzazi huwa moja: huyu ndiye mwanao unayemjua? Aliyekuwa mkimya tangu utotoni hanitii shaka sana. Ananitia shaka yule aliyekuwa wa kwanza uwanjani na sasa wenzake wakimpitia anajifanya amelala, au binti aliyependa kusuka ambaye siku hizi hajali hata kuchana. Mabadiliko hayo yakidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, yakavuruga usingizi, kula, masomo na urafiki, tusiyaite tena mambo ya balehe. Kauli kama "bora nisingezaliwa" isisubiri hizo wiki mbili.

Wazazi wengi huogopa kuuliza habari za kujiua wakidhani watampandikizia wazo. Tafiti hazioneshi hivyo. Muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, usimhubirie wala usimtishe. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za kuulia wadudu na vidonge vilivyobaki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Tanzania na Kenya, 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto. Anayetaka kumwombea amwombee. Dua na kliniki hazigombani, mradi moja isicheleweshe nyingine.

Sonona nyepesi huanza kutibiwa kwa mazungumzo, nayo si mawaidha. Mtoto hujifunza kulikamata wazo, mfano "nimefeli hesabu, basi mimi si kitu", akalipima kama ni kweli, kisha hurudishwa kidogokidogo kwenye shughuli alizoziacha. Kwa nchi zetu zenye wataalamu wachache, naona matumaini makubwa katika mpango wa Shamiri wa Kenya: vijana waliotoka sekondari karibuni, si madaktari, walifundishwa kuongoza vikao vinne shuleni. Katika utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona zilipungua zaidi kwa waliohudhuria vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Sonona ikiwa ya wastani au kali, dawa huingia. Inayotumika zaidi kwa umri huu ni fluoksetini. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, uliohusisha vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, baada ya wiki 12 asilimia 71 ya waliopata dawa pamoja na mazungumzo walikuwa na nafuu ya wazi. Dawa peke yake ilifikia asilimia 61, mazungumzo peke yake 43, na vidonge visivyo na dawa 35. Nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usivitupe vidonge siku ya kumi. Wiki za mwanzo mwangalieni kwa karibu, kwani baadhi ya vijana huzidiwa na mawazo ya kujiua. Akipona pia asiache ghafla. Huendelea kwa miezi kadhaa na hupunguziwa na daktari.

Kabla ya kuandika dawa hiyo tutauliza jambo linalowashangaza wengi: je, kuna vipindi ambapo kwa siku kadhaa halali na hachoki, anaongea bila kituo, ana mipango isiyo na kikomo? Huenda huo ni ugonjwa wa baipola, wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ambao dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kuuchochea. Ugonjwa huo hutembea katika ukoo, kwa hiyo mkija tuambieni pia habari za yule mjomba mnayesema "alichanganywa na masomo".