Mbwa Asiyetaka Kushikwa Masikio Wala Miguu: Maswali na Majibu

Nikimsugua mgongo anatulia, nikishika sikio au mguu ananing'akia. Ni ukorofi?

Mara nyingi ni maumivu. Funua sikio: likinuka, likiwa jekundu au lina uchafu wa kahawia, ukimgusa hapo unamtonesha. Tazama na katikati ya vidole, maana huko hujificha kupe na huingia funza. Kama zamani alikubali na juzi tu ameanza kukataa, aonwe na daktari wa mifugo kabla ya lolote.

Asipokuwa na ugonjwa, huenda ana kumbukumbu. Jike wangu mmoja nilimkata ukucha hadi kwenye nyama, damu ikatoka. Miezi ikapita hajaniachia tena mguu ule wa mbele wa kushoto. Ile mitatu mingine hakuwa na neno nayo.

Nitajuaje amechoka kabla hajauma?

Kabla ya kunguruma hulamba pua, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso, weupe wa jicho ukaonekana, kisha mwili ukakaza. Hapo ondoa mkono. Usimchape kwa kunguruma. Atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kukuonya.

Nimzoeshe vipi?

Chemsha maini, yakate vipande vidogo kama punje za maharage, na uchague siku ambayo huna haraka. Anza pale anapokubali, tuseme begani. Gusa, kisha mpe kipande. Mkono utangulie, nyama ifuate. Ukitanguliza nyama, ataanza kuishuku hata nyama yenyewe. Shuka hadi kiwiko, halafu kifundo, halafu kidole. Akivuta mguu, uachie, urudi ulipokuwa. Dakika mbili tatu zinatosha. Kuna siku utamwonyesha mkasi tu, umpe chake, muachane.

Kukata ukucha mmoja kwa siku si aibu. Ukucha mweusi hauonyeshi mshipa, kwa hiyo punguza vipande vyembamba, na ukiona kidoa katikati ya mkato, simama. Damu ikitoka, gandamiza unga wa mahindi hapo kwa dakika chache. Usisahau ule wa pembeni, juu kidogo ya wayo: haugusi ardhi, kwa hiyo hauliki, na ukiachwa hujikunja ukaingia mwilini.

Masikio ni pamba na dawa ya kusafishia, basi. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani.

Jirani anasema nimpake mafuta ya taa au oili chafu, kupe waishe.

Usithubutu. Huunguza ngozi, na mbwa hujilamba, akameza sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, ukiikadiria kwa jicho, inaweza kumuua. Kupe hupenda masikioni, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia, yaani kulekule asikotaka kuguswa. Ndiyo maana mazoezi ya maini yana kazi. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya.

Tukimfunga mdomo na kumkandamiza, tumalize mara moja?

Mtamaliza leo, kesho atawakimbia mkiwa bado mlangoni. Mbwa hupoa kwa kuhema mdomo wazi, na kuufunga kwa kamba kwenye joto la pwani ni hatari. Kama manyoya yamesokotana chini ya mkia na hakubali kabisa, daktari anaweza kumpa dawa ya kumtuliza akanyolewa bila vita.

Na akiniuma?

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake majivu wala pilipili. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wako, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Beba na kadi yake ya chanjo, watakuuliza.