PCR hasi si cheti cha kupona Chagas

Juzi mama mmoja wa El Salvador aliingia kliniki ninapofanya kazi, hapa Marekani, karatasi ya maabara ameikunja mara nne ndani ya pochi kama hati ya kiwanja. PCR, kipimo kinachosaka chembe za urithi za vimelea vya Chagas kwenye damu: hasi. Chagas ni ugonjwa wa Amerika ya Kilatini unaoenezwa na mdudu. "Daktari, si nimepona?" Mwezi huu pekee swali hilo nimelijibu mara tano. Leo naliandika, labda nitapumzika.

Dhana: PCR ikitoka hasi umepona, na vimelea vikiwa vichache moyo uko salama.

Hapana, na hapana. Chagas ikishakuwa sugu, vimelea vyake, *Trypanosoma cruzi*, hujificha ndani ya misuli, hasa ya moyo na ya njia ya chakula, na hutokeza kwenye damu mara chache, bila ratiba. Sisi tunachota mililita 10 asubuhi moja. Ukipiga hodi mara moja usijibiwe, utasema nyumba haina wenyewe?

Utafiti wa BENEFIT, uliotoka 2015, ulifuatilia wagonjwa 2,854 ambao mioyo yao ilikuwa imeshaguswa na Chagas. Miongoni mwa waliomeza vidonge visivyo na dawa yoyote, theluthi moja ya waliokuwa na PCR chanya walitoka hasi kipindi cha matibabu kilipokwisha. Hao nao walipona kwa nini, kwa maji ya kumezea vidonge? Upande wa waliopewa benznidazole, dawa ya kuua vimelea hivi, theluthi mbili walitoka hasi, lakini ilipohesabiwa mioyo iliyozidi kuharibika, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutegemewa.

Kinyume chake kipo pia. Berenice, mtoto wa miaka 2 ambaye Carlos Chagas, daktari aliyeugundua ugonjwa huu, alimkuta na vimelea huko Lassance, Brazil, mwaka 1909, aliishi hadi uzeeni. Mwaka 1978, akiwa amepita miaka 70, vimelea vilipatikana tena katika damu yake. Ugonjwa wa moyo wa Chagas hakuwa nao.

Makovu ya moyo hujengwa na miaka mingi ya uvimbe wa ndani kwa ndani. Wingi wa vimelea katika damu ya leo hauwezi kuyapima. PCR nai­heshimu ikiwa chanya baada ya dawa: hapo matibabu yameshindwa. Naiogopa pia vimelea vinapoongezeka kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, kama aliyepandikizwa figo. Lakini hasi yake siwezi kuiapia. Ninachotaka mimi ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kila mwaka, hata kama unapanda ngazi bila kuhema. Yule mama, ECG yake ya mwisho aliipata miaka mitatu nyuma. Tulimpima palepale: njia ya umeme ya upande wa kulia wa moyo imeziba, na hasi yake iko mkononi.

Dhana: nikijua nasaba ya vimelea vyangu, nitajua dawa yangu na hatima yangu.

Nasaba zipo sita, TcI hadi TcVI, pamoja na TcBat ya popo. Ramani nayo ina ukweli wake: TcI imetawala Colombia, Venezuela na Amerika ya Kati, na utumbo mpana kutanuka huonekana zaidi kusini, kwenye TcII, TcV na TcVI. Lakini mtu mmoja aweza kubeba zaidi ya nasaba moja, na iliyonaswa kwenye damu si lazima iwe ndiyo inayotafuna moyo. Dawa ni zilezile mbili, benznidazole au nifurtimox. Usitoe hela yako kwa kipimo hicho, waachie watafiti.

Dhana: Chagas ndiyo malale.

Hii huletwa kwangu na wenzangu wa nyumbani. Vimelea ni ndugu, lakini mbung'o huambukiza kwa mdomo anapouma, ilhali mdudu wa Chagas, wa jamii ya kunguni, huambukiza kwa kinyesi anachoacha kando ya jeraha.

Dhana: mama asiye na dalili hamwambukizi mtoto.

Anaweza. Mwanamke atibiwe kabla hajashika mimba, maana hilo hupunguza sana hatari kwa mtoto. Mimba ikishaingia dawa hizi hatutoi. Tunasubiri ajifungue, kisha mtoto anapimwa, na watoto wake wakubwa vilevile.