Kisukuku ni nini, na enzi za Dunia hugawanywaje?

Kisukuku ni masalia ya kiumbe wa kale, au alama aliyoiacha, yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba: mfupa, jino, kombe, jani, hata unyayo.

Sharti kubwa ni kufukiwa haraka. Mnyama akifa juu ya ardhi kavu, fisi, jua na bakteria humaliza kila kitu. Akifunikwa na tope la mto, maji ya ardhini hupenya kwenye vitundu vya mfupa na kuacha madini humo, mpaka mfupa uwe mzito kama jiwe. Nyama huoza kabla ya hapo, kwa hiyo kinachobaki mara nyingi ni sehemu ngumu. Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mambo yalikuwa tofauti: majivu ya volkano yalilowa mvua, wahenga wetu wakayakanyaga kwa miguu miwili, yakaganda, kisha majivu mengine yakayafunika. Nyayo hizo zina miaka milioni 3.66.

Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54 hivi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walioishi humo walikuwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Paleozoiki, enzi ya samaki na mimea ya kwanza ya nchi kavu, ilianza takriban miaka milioni 539 iliyopita. Mesozoiki ilianza milioni 252 iliyopita. Ndiyo enzi ya dinosaria, wakiwemo wale wa Tendaguru, Lindi, wa miaka milioni 150 hivi. Kenozoiki ilianza milioni 66 iliyopita na bado tumo ndani yake. Urefu wa enzi haulingani, kwa sababu mipaka huwekwa pale visukuku vinapobadilika ghafla: mwanzo wa Mesozoiki na wa Kenozoiki, kila mmoja ulifuata maangamizi makubwa ya viumbe.

Kosa la kawaida ni kudhani kila kisukuku hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole baada ya kiumbe kufa. Kipimo hicho hukomea miaka 50,000 hivi. Baada ya hapo kaboni-14 iliyosalia ni kidogo mno. Kwa umri mkubwa zaidi hupimwa majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya kisukuku, ambamo potasiamu hugeuka gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Hivyo ndivyo fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lilivyojulikana kuwa la miaka milioni 1.75 hivi. Mfupa uking'olewa bila kuandika ulitoka tabaka gani, njia hiyo ya kuujua umri wake hupotea.