Sungura mzee mwenye ugonjwa wa moyo bado anatibika

Wengi huamini kwamba sungura wa miaka minane au tisa akianza kuchoka na kuhema, huo ni uzee tu, na kumpeleka kwa daktari ni kumtesa bure. Si kweli. Sungura wa kufugwa ndani huweza kufika miaka 10 au zaidi, na moyo unaodhoofika una dawa. Furosemaidi hupunguza maji yanayojikusanya mapafuni. Pimobendani husaidia moyo kusukuma damu. Haziponyi, lakini zinaweza kumpa miezi mizuri ya kula na kutembea, wakati mwingine zaidi.

Hofu ya msukosuko wa safari ina msingi, hasa kwa anayepumua kwa shida. Huyo hupewa oksijeni na kutulizwa kwanza; eksirei na ultrasaundi ya moyo husubiri. Mtafute daktari anayewajua sungura kwelikweli, na usimnyime chakula kabla ya kwenda, maana utumbo wake ukisimama ni hatari nyingine.

Nyumbani, mhesabie pumzi akiwa amelala. Kawaida ni 30 hadi 60 kwa dakika, ila kinachosema zaidi ni kupanda juu ya kiwango chake mwenyewe. Sungura hupumua kwa pua. Akifungua mdomo ili apumue, ni dharura.

Umri peke yake usiamue. Akikataa chakula, asipopumzika na dawa zisipomsaidia tena, hapo kumwomba daktari amlaze usingizi wa mwisho, afe bila maumivu, ni huruma, wala si kumtupa.