Tuisheni ya SAT haipandishi alama kama wengi tunavyodhani

Miaka na miaka wengi tumeamini mtoto akitaka chuo Marekani lazima alipiwe tuisheni ya SAT, mtihani ambao vyuo vya huko hutumia kuchagua wanafunzi, na kwamba mwalimu mzuri atampandishia pointi 200 au zaidi. Inaeleweka kabisa, maana kila mtu anamjua mmoja aliyesoma tuisheni akapanda kweli.

Ila angalia, SAT inaanzia 400 mpaka 1600, na mtu akirudia bila tuisheni yoyote mara nyingi anapanda kidogo, mtihani kashauzoea, shuleni kasoma miezi mingine, na wanaorudia wengi ni wale ambao mara ya kwanza iliwaendea vibaya. Tafiti zilizolinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa wenye uwezo unaofanana zimekuta tofauti ya wastani ni ndogo, kama pointi 30 hivi au pungufu, zaidi upande wa hesabu. Inasaidia, lakini sio 200.

Kwa hiyo ukiambiwa "wanafunzi wetu wanapanda 200" uliza, kutoka wapi? Kama alama ya mwanzo ni ya jaribio walilotunga wenyewe, na ni gumu kuliko mtihani halisi, ongezeko linakuja lenyewe tu. Na ambao hawakupanda wamehesabiwa? Kabla hujatoa hela mpe mtoto mtihani rasmi wa mazoezi, upo bure mtandaoni, aufanye kwa kufuata muda, ashughulikie makosa yake wiki kadhaa halafu afanye mwingine, hapo utaona mwenyewe kama anachokosa ni mwalimu au ni mazoezi tu.