Je, wajua kwa nini treni ya usiku ikiharibika hukaa porini hadi asubuhi?

Saa saba usiku treni inapunguza mwendo, inasimama mahali pasipo na stesheni, na haiondoki tena. Taa za behewa zinaanza kufifia. Watoto wanaamka, wazee wanaulizana kuna nini, na kwenye korido hapiti mtu wa kuwajibu. Kunapambazuka, treni iko pale pale. Waganda waliosafiri usiku kwa reli kwenda Kasese au Nairobi enzi hizo wanaijua hali hii, na anayepanda leo treni ya kulala ya Tanzania kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam anaweza kukutana nayo bado.

Basi likizimikia Lugazi, haichukui muda mrefu abiria wanafaulishwa kwenye jingine na safari inaendelea. Kwa nini treni ichukue usiku mzima?

Jibu linalotolewa mara nyingi ndani ya behewa ni kwamba injini imekufa, mafundi wanahangaika nayo, na mafundi wenyewe ni wazembe. Jibu hilo lina kosa tangu mwanzo, kwa sababu mara nyingi pale hakuna fundi hata mmoja. Yuko dereva, msaidizi wake na gadi, yaani msimamizi wa treni. Wanaweza kubadilisha mpira wa hewa uliopasuka, kuzima breki iliyokwama ya behewa moja, au kujaribu kuiwasha injini upya. Kazi hizo huisha kwa dakika chache, na treni huondoka kabla abiria wengi hawajageuza mto. Hitilafu ikizidi hapo, hakuna anayejaribu kuitengeneza gizani katikati ya mafunjo. Treni huvutwa. Saa nyingi za usiku ule haziendi kwenye matengenezo hata kidogo. Zinakwenda kwenye kuingiza kichwa kimoja cha treni ndani ya kipande cha reli chenye treni nyingine, bila kuua mtu.

Wengine husema: basi, kichwa kilichoko stesheni ya jirani kije mara moja, si ni mwendo wa nusu saa? Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Reli ya Uganda ni ya njia moja. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, na treni kutoka pwani zikaanza kuingia Kampala 1931 baada ya daraja la Jinja kukamilika. Kasese ilifikiwa 1956. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na shirika lake, na kufikia 1997 treni za abiria zilikuwa zimesimama Uganda. Mwaka 2015 ilirudi moja, ya asubuhi na jioni, kati ya Kampala na Namanve. Katika historia yote hiyo reli ya masafa marefu imebaki njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili, na treni hupishana kwenye stesheni tu, palipo na njia ya pembeni.

Dereva wa treni iliyo kwenye mwendo hawezi kukwepa, na mara nyingi hawezi kusimama ndani ya umbali anaouona. Kwa hiyo usalama wa njia moja haukuachiwa macho yake. Umewekwa kwenye kanuni: kati ya stesheni mbili, treni moja tu.

Kanuni hiyo ilisimikwa kwa damu. Septemba 1874, karibu na Norwich nchini Uingereza, makosa ya mawasiliano ya simu za maandishi yaliruhusu treni mbili kuingia njia moja zikielekeana, na watu 25 wakafa. Baada ya ajali hiyo mhandisi Edward Tyer alitengeneza mashine za kutoa kibali zinazowekwa jozi, moja kila stesheni, zilizounganishwa kwa waya. Ukishatoa kibali kimoja kutoka mashine yoyote kati ya hizo mbili, zote zinajifunga. Hakuna cha pili kitakachotoka mpaka kile cha kwanza kirudishwe kwenye mojawapo. Dereva hakanyagi kipande kile cha reli bila kukishika kibali hicho mkononi.

Fikiria mizigo ya Kampala, zile nyumba za chumba kimoja zilizopangana, ambapo wapangaji kumi wanatumia choo kimoja chenye kufuli moja na ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo ndiye aliye ndani. Akitoka anautundika mahali pake, na mwenzake anauchukua. Hakuna haja ya kubisha hodi wala kuuliza. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu. Utaratibu huu haushindwi, ila kwa jambo moja: mpangaji akizimia humo ndani, ufunguo uko naye. Msumari unaendelea kuonyesha kwamba kuna mtu, na ni kweli yupo, lakini anayetaka kumwokoa hana ufunguo wa kuingilia. Sasa lazima aitwe mwenye nyumba, ahakikishe ni nani aliye ndani na yuko upande gani wa mlango, ndipo aruhusu mlango ufunguliwe kwa njia isiyo ya kawaida.

Treni iliyoharibika ndiyo mpangaji huyo. Kibali cha kipande kile kiko mkononi mwa dereva wake. Kichwa cha kuokoa hakiwezi kupata kibali cha kawaida, kwa sababu mfumo mzima ulibuniwa kukinyima. Lazima waongozaji wa treni walioko ofisini watoe ruhusa ya maandishi inayovunja kanuni kuu ya njia moja kwa makusudi, na kila neno la ruhusa hiyo husomwa na kurudiwa kwa redio au simu kabla ya kukubaliwa. Reli nyingi zimeachana na mashine za chuma, na kibali hutolewa kwa redio na kuandikwa kwenye fomu. Chombo kimebadilika, kanuni haijabadilika.

Kuna sehemu moja ya utaratibu huu inayowaudhi abiria kuliko zote, nami naiona ya ajabu na ya busara kwa pamoja. Dereva akishaomba msaada, haruhusiwi kuisogeza treni yake. Injini inaweza kukubali kuwaka saa nane usiku, abiria wakaisikia inanguruma na kushangilia, na bado treni isiende. Huo si ukaidi wa dereva. Kichwa cha kuokoa kimeambiwa treni iko kwenye kibao fulani cha kilomita, na kinakuja kikiamini hivyo. Treni ikianza kusogea, vyombo viwili vizito vinaelekeana gizani, kimoja kikidhani mwenzake amesimama, kingine kikidhani mwenzake hajaingia. Ili kuondoka, dereva anapaswa kwanza kuwapata waongozaji, wathibitishe kwamba msaada haujaingia kipande kile, kisha ombi lifutwe rasmi. Msaada ukiwa umeshaingia, hakuna la kufanya ila kuungoja.

Wakati huo gadi au msaidizi wa dereva anakuwa ametembea kwa miguu zaidi ya kilomita moja kuelekea upande msaada utakakotokea, mkononi ana taa nyekundu na fataki za reli, vijisahani vyenye baruti vinavyofungwa juu ya chuma. Gurudumu likivikanyaga vinalipuka, na dereva anajua lazima asimame. Abiria anayesikia milio hiyo alfajiri huingiwa na hofu, kumbe ni dalili kwamba msaada umefika. Utaratibu huu pia ndio sababu mojawapo ya korido kuwa tupu: mtu mliyetegemea awape habari yuko porini na taa yake.

Tujaribu hesabu. Treni imezimika saa saba usiku. Saa saba na nusu majaribio yameshindikana na msaada umeombwa. Kichwa kilicho karibu kinavuta mizigo, kimesimama kilomita 45 kutoka stesheni iliyo jirani na treni iliyokwama. Mabehewa yake hayaachwi hivi hivi. Lazima yaingizwe njia ya pembeni na kufungwa breki za mkono, moja baada ya jingine. Saa tisa kichwa kiko huru. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao si mbaya kwa reli ya zamani, kinafika stesheni hiyo saa kumi na nusu. Ruhusa ya maandishi inaandikwa, inasomwa, inarudiwa. Kisha kinaingia polepole mpaka kwenye fataki, na kutoka hapo kinaongozwa hadi kwenye treni. Sasa ni saa kumi na mbili kasorobo, jua linakaribia kuchomoza. Hakuna aliyezembea, na hakuna kilichotengenezwa.

Taa nazo zina sababu yake. Mabehewa mengi ya zamani hupata umeme kutoka dainamo inayozungushwa na ekseli ya behewa lenyewe. Magurudumu yakisimama, dainamo nayo imesimama, na taa zinakula betri. Maji ya chooni hukaa kwenye tangi lililojazwa stesheni kubwa, kwa kipimo cha safari iliyotarajiwa.

Haya yote hayahalalishi ukimya. Katika usiku mzima wa namna hii, jambo pekee lisilo na sababu ya kiufundi ni abiria kuachwa bila neno. Gadi kabla hajatembea anaweza kupita behewa kwa behewa na kusema: tumeomba msaada, hatutasogea mpaka ufike, saa ya kufika itategemea kichwa kiko wapi. Ni dakika kumi tu. Mama mwenye mtoto mchanga akilijua hilo atapanga maziwa na maji yake, na mwenye mgonjwa ataanza kutafuta njia ya kufika barabarani mapema. Kunyimwa habari kunawaumiza watu kuliko kuchelewa kwenyewe, na abiria wana haki ya kulikasirikia.

Kichwa kipya kikiisha kuungwa, treni bado haiondoki. Breki za hewa, ambazo George Westinghouse alizikamilisha mwaka 1872, hufanya kazi kinyume na watu wengi wanavyodhani: hewa iliyo kwenye bomba refu la treni ndiyo inayozuia breki zisishike. Hewa ikitoka, kila behewa linajifunga lenyewe kwa akiba ya tangi lake. Ni kinga nzuri bomba likikatika, lakini ina maana kwamba injini iliyokufa huacha treni nzima imeshikwa. Kichwa kipya kinapaswa kusukuma hewa kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, kisha breki zijaribiwe: zishike, ziachie, na geji ya behewa la nyuma ithibitishe.

Baada ya hapo treni inavutwa mpaka stesheni inayofuata tu. Kipande kitangazwe kitupu, kibali kirudishwe, ndipo treni zilizokuwa zikingoja pande zote mbili zianze kupishana, moja moja, stesheni kwa stesheni. Kila moja imepoteza nafasi yake ya kupishana na inasubiri nyingine iliyochelewa. Ndiyo maana saa sita zilizopotea usiku huweza kuwa saa tisa au kumi treni inapofika mwisho wa safari.